Kusakinisha WordPress kwenye seva ndogo ya wingu: makala zinazoleta 404, fomu ya FTP na hifadhidata inayozimika

Swali: Nimekodi seva ya wingu yenye RAM ya GB 1 na Ubuntu 24.04. Nimesakinisha Nginx, MariaDB, PHP na WordPress kwa kufuata maelekezo niliyoyakusanya huku na huku. Ukurasa wa mwanzo unafunguka, lakini nikibofya makala yoyote napata 404 (ukurasa haukupatikana). Nikitaka kuongeza plagini naulizwa jina na nywila ya FTP (njia ya kuhamishia mafaili), ambavyo sina. Juzi tovuti nzima ilisimama kwa ujumbe kwamba imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata; nikaiwasha seva upya, ikarudi. Je, nianze upya? Kama ndivyo, utaratibu sahihi ni upi? Au nichukue tu seva ambayo mtoa huduma ameshaiwekea WordPress?

Jibu:

Ndugu msomaji, matatizo uliyoyataja yanaonekana kama matatu yasiyojuana, na kila moja lina tiba yake, lakini yote yanatokea mahali pa aina moja, yaani pale ambapo programu moja inaikabidhi nyingine kazi. Anayeweka mfumo wa kusimamia maudhui kwenye seva yake hasakinishi kitu kimoja. Nginx, seva ya wavuti, hupokea ombi la msomaji na, likihitaji PHP, hulipitisha kwa PHP-FPM kupitia soketi (faili maalumu la mawasiliano). PHP-FPM huendesha msimbo wa WordPress. WordPress huiuliza MariaDB, ambayo ni hifadhidata. Na chini ya zote hizo iko keneli ya Linux, kiini cha mfumo wenyewe, inayoamua nani apewe RAM na nani aruhusiwe kuandika kwenye faili lipi. Maelekezo ya kuokoteza kwa kawaida huieleza kila programu vizuri, kisha huyaruka makabidhiano.

Kuhusu seva iliyokwisha kuwekewa WordPress, hakuna ubaya wowote kuichukua, na kwa mtu anayetaka tovuti leo jioni ndiyo njia fupi. Ila haikuondolei kazi ya kuitunza: masasisho, nakala rudufu na RAM vitabaki kuwa juu yako, na utakapopata hitilafu utalazimika kwanza kuchunguza mtoa huduma aliweka nini na wapi. Kwa kuwa umeshafika hapa ulipo, na tovuti yako bado haina maudhui mengi, ushauri wangu ni kuanza upya kwa mikono yako, lakini baada ya kuelewa yale matatu yaliyokukwamisha. Vinginevyo utayajenga tena.

Tuanze na 404, iliyo nyepesi kuliko zote. Ukurasa wa mwanzo unafunguka kwa sababu anwani yake inaelekea kwenye folda yenye faili la index.php, na Nginx hulikuta pale. Anwani ya makala haina folda wala faili lolote kwenye diski. Ni anwani ambayo WordPress peke yake ndiyo inayojua maana yake. Kwenye Apache, seva nyingine ya wavuti, WordPress huandika yenyewe kanuni za kuzielekeza anwani hizo ndani ya faili liitwalo .htaccess. Nginx haisomi faili hilo hata kidogo, kwa hiyo kanuni hizo lazima uziandike wewe katika faili la mipangilio ya tovuti. Faili la mfano linalokuja na Nginx kwenye Ubuntu lina mstari wa try_files unaoishia na =404, na nina hakika ya kutosha kwamba ndio ulioubakiza. Unatakiwa usomeke hivi:

location / {
    try_files $uri $uri/ /index.php?$args;
}

Maana yake ni kwamba Nginx itafute kwanza faili lenye jina hilo, kisha folda, na ikivikosa vyote iikabidhi index.php ombi zima pamoja na vigezo vyake. Ukitaka kujiridhisha kabla ya kugusa chochote, andika kwenye kivinjari anwani ya tovuti yako ikifuatiwa na /?p=1. Ikiwa makala ya kwanza bado ipo na umechagua anwani za maneno badala ya zile za namba, utaona anwani ikijigeuza kuwa ndefu, kisha 404 inatokea. Kugeuka huko kumefanywa na WordPress, maana yake PHP iko hai na hifadhidata inajibu, na kosa limebaki kwa Nginx peke yake. Ukisharekebisha, endesha sudo nginx -t ili mipangilio ikaguliwe, na ikipita ndipo uendeshe sudo systemctl reload nginx. Mpangilio huo wa amri mbili uwe mazoea, kwa kuwa kuiwasha Nginx upya na faili lenye kosa la nukta mkato moja hukuzimia tovuti zote zilizo kwenye seva hiyo.

Fomu ya FTP huwachanganya watu zaidi, kwa sababu inauliza kitu ambacho hakihusiani na tatizo. WordPress inapotaka kuandika plagini mpya, kwanza hujaribu kuunda faili dogo la muda ndani ya folda ya wp-content, kisha hulinganisha mmiliki wa faili hilo na mmiliki wa mafaili yake yenyewe. Wamiliki wakiwa mmoja, huendelea moja kwa moja. Wakitofautiana, hudhani kwamba haina ruhusa, na ndipo hukuomba FTP. Kwa hali yako, yaelekea mafaili uliyafungua kutoka kwenye kifurushi ukiwa root, yaani mtumiaji mkuu wa Linux, kwa hiyo ni mali ya root, ilhali PHP-FPM kwenye Ubuntu huendeshwa na mtumiaji aitwaye www-data. Hapa wengi hukimbilia chmod 777, na huo ndio ushauri mbaya kuliko wote utakaoukuta: unamruhusu kila mtumiaji wa seva kuandika kila mahali, na mara nyingi hata hautibu kitu, kwa sababu kinacholinganishwa ni umiliki, si ruhusa. Faili la muda litaundwa, litakuwa mali ya www-data, halitafanana na mafaili ya root, na fomu ya FTP itabaki palepale.

Tiba iko katika kuamua nani awe mmiliki, na hapo pana njia mbili zenye hoja. Ya kwanza ni kumpa www-data kila kitu kilichomo kwenye folda ya tovuti, folda zikiwa na ruhusa 755 na mafaili 644 (mmiliki huandika, wengine husoma tu). WordPress itaweza kujisasisha, lakini plagini yenye tundu ikivamiwa, mvamizi ataweza kuandika upya msimbo wote. Ya pili ni kumpa mtumiaji mwingine umiliki wa msimbo na kumwachia www-data folda ya wp-content/uploads tu. Ni salama zaidi, ila masasisho yote utayafanya wewe kwa terminali. Kwa tovuti ya mtu mmoja ambaye haingii kwenye seva kila siku, nachagua ya kwanza bila kusita, kwa kuwa plagini isiyosasishwa ni hatari kubwa kuliko umiliki uliolegea. Kisha naziba pengo lake kwa kanuni hii ya Nginx, inayozuia faili lolote la PHP lililopenyezwa kwenye folda ya picha lisiendeshwe:

location ~* ^/wp-content/uploads/.*\.php$ {
    deny all;
}

Mahali pa kuiandika pana uzito wake. Nginx husoma kanuni za aina hii kutoka juu kwenda chini na kuishika ya kwanza inayolingana, kwa hiyo hiyo lazima iwe juu ya kanuni ya jumla inayopeleka mafaili ya .php kwa PHP-FPM. Ukiiweka chini yake itakuwa pambo tu, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuonya.

Sasa hifadhidata iliyozimika, ambayo ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu. Kabla ya kuilaumu MariaDB, iulize keneli kilichotokea:

sudo journalctl -k | grep -i "out of memory"

Ukiona mstari unaosema kwamba mchakato mariadbd umeuawa, umepata jibu. Ikiwa logi za kabla ya kuwasha upya zimehifadhiwa, ongeza -b -1 baada ya -k ili uone za mwasho uliopita, maana umesema uliiwasha seva upya. RAM inapokwisha kabisa, keneli haina budi kuua mchakato mmoja ili seva nzima isigande, na kwa kawaida huchagua ule unaoshika RAM nyingi kuliko mingine. Kwenye seva ya namna yako, mchakato mmoja mkubwa kuliko wote ni MariaDB. Lakini aliyeuawa si lazima awe ndiye mwenye kosa. Mara nyingi RAM huwa imemalizwa na michakato ya PHP, ambayo mmojammoja ni midogo, ila kwa pamoja inaipita MariaDB mbali.

Fanya hesabu nami. Mfumo wenyewe pamoja na huduma zake ndogondogo huchukua takriban MB 200. MariaDB hutenga akiba ya InnoDB (injini yake ya kuhifadhi data) ya MB 128 kwa mpangilio wake wa kawaida, na ukijumlisha mahitaji yake mengine huikaribia MB 200. PHP-FPM kwenye Ubuntu huruhusu michakato 5 kwa wakati mmoja, na kila mchakato unaruhusiwa kufika MB 128, kwa kuwa ndio ukomo wa memory_limit. WordPress tupu haifiki huko. Mara nyingi utaona kati ya MB 40 na 80. Lakini ongeza plagini nzito ya kujengea kurasa, upakie picha ya simu yenye ukubwa wa kutisha ambayo WordPress inalazimika kuikata katika vipimo kadhaa, na hapohapo roboti zianze kujaribu nywila kwenye wp-login.php, kila jaribio likihitaji mchakato wake wa PHP. Michakato 5 ya MB 128 ni MB 640. Jumlisha na zile 400 za awali, na GB 1 imeshapitwa.

Kwa hiyo usikisie, pima. Tovuti ikiwa inatumika, endesha ps -C php-fpm8.3 -o rss,cmd na uangalie safu ya kwanza, ambayo iko katika KB. Namba hizo huzidisha kidogo, kwa sababu sehemu ya RAM michakato huichangia, lakini kukadiria juu si dhambi hapa. Gawa RAM iliyobaki baada ya mfumo na MariaDB kwa ukubwa wa mchakato mmoja, na jibu ndilo liwe pm.max_children (idadi ya juu ya michakato ya PHP) katika faili la /etc/php/8.3/fpm/pool.d/www.conf. Kwa GB 1 huwa naanza na 4, na nabadilisha pm kutoka dynamic kuwa ondemand ili michakato isikae bure ikishika RAM saa ambazo hakuna wasomaji. Ombi la tano litasubiri kidogo kwenye foleni. Msomaji anayesubiri kwa nusu sekunde ni afadhali mara mia kuliko hifadhidata iliyouawa.

Ongeza pia faili la swapu, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa, la GB 1, kwa sababu seva nyingi za wingu huja bila swapu yoyote:

sudo fallocate -l 1G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Usisahau kuiandika kwenye /etc/fstab, la sivyo itapotea seva ikiwashwa upya. Swapu haiongezi nguvu, nayo seva inayoishi ndani ya swapu muda wote itakuwa nzito kama jiwe. Kazi yake ni kupokea mshtuko wa sekunde chache ili keneli isiue mtu. Dawa yenye nguvu zaidi ni kashe ya kurasa nzima (nakala zilizokwisha kupikwa), iwe ya Nginx yenyewe kwa fastcgi_cache au ya plagini. Msomaji asiyeingia kwa nywila hahitaji ukurasa wake upikwe upya na PHP kila mara, na tovuti nyingi za makala zina wasomaji wa aina hiyo karibu wote. Watu hununua RAM ya pili kabla ya kuwasha kashe, na naona ni kuanzia mwisho.

Baada ya hayo, utaratibu wa kuanza upya unaeleweka kirahisi zaidi. Unda seva mpya na uingie kwa ufunguo wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali), si kwa nywila. Tengeneza mtumiaji wa kawaida mwenye haki ya sudo, hakikisha ameweza kuingia katika dirisha la pili la terminali huku la kwanza likiwa bado wazi, ndipo uzuie kuingia kwa nywila. Hapa Ubuntu ina mtego wake: mipangilio ya SSH huchukua thamani ya kwanza inayoikuta, na mafaili yaliyomo kwenye /etc/ssh/sshd_config.d husomwa kabla ya sehemu kubwa ya faili kuu. Kwenye seva za wingu folda hiyo mara nyingi huwa na faili la cloud-init (programu inayoandaa seva ya wingu inapowaka mara ya kwanza) linaloruhusu nywila, kwa hiyo unaweza kuandika PasswordAuthentication no kwenye faili kuu, ukaenda kulala kwa amani, na mlango ukawa wazi vilevile. Amini tu kile kinachosemwa na amri hii:

sudo sshd -T | grep passwordauthentication

Kisha fayawoli. Ruhusu OpenSSH kwanza, halafu poti 80 na 443, na mwisho kabisa ndipo uiwashe fayawoli kwa ufw enable. Anayeigeuza mpangilio huo hujifungia nje. Ukumbuke kwamba watoa huduma wengi wana fayawoli yao ya pili nje ya seva, inayosimamiwa kwenye paneli yao, na ombi la msomaji lazima lipite kote kuwili. Poti 3306 ya hifadhidata usiifungue popote. MariaDB ya Ubuntu husikiliza ndani ya seva tu, na WordPress iliyo kwenye seva hiyohiyo haihitaji zaidi ya hapo.

Elekeza domeni kwenye seva sasa, kabla ya WordPress, si baada. Sababu ni kwamba WordPress huandika anwani yake ndani ya hifadhidata wakati wa kusakinishwa. Ukiisakinisha kwa namba ya IP na kuhamia kwenye domeni baadaye, viungo vitaendelea kuelekea kwenye IP, na jaribio la kubadilisha maandishi hayo kwa mkono ndani ya faili la SQL huharibu mipangilio. Tazama jinsi PHP inavyohifadhi maandishi ya aina hiyo:

s:18:"http://203.0.113.7"

Ile 18 ni idadi ya baiti zilizomo ndani ya alama za nukuu. Ukiweka https://mfano.example mahali pake, maandishi yana baiti 21 lakini hesabu bado inasema 18, na PHP italikataa fungu zima la mipangilio lililobeba mstari huo. Amri ya wp search-replace ya WP-CLI (programu ya kuisimamia WordPress kwa terminali) hurekebisha maandishi na hesabu kwa pamoja, na kwa kazi hiyo usitumie kitu kingine. Ukianza na domeni, lakini, hutaihitaji. Kama domeni yako ina rekodi ya DNS iitwayo AAAA, inayoelekea kwenye anwani ya IPv6 ya seva ya zamani, iondoe au isahihishe. Imewahi kuwapotezea watu siku nzima wakitafuta kosa kwenye Nginx.

Vifurushi husakinishwa kwa amri moja: nginx, mariadb-server, php-fpm, php-mysql, php-curl, php-gd, php-mbstring, php-xml, php-zip na php-intl. Ubuntu 24.04 itakupa PHP 8.3, na faili la soketi litakuwa /run/php/php8.3-fpm.sock. Jina hilo lazima lifanane herufi kwa herufi na lile ulilolitaja kwenye fastcgi_pass ya Nginx. Maelekezo ya zamani yatakuwa na namba nyingine, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha kawaida cha kosa la 502, yaani Nginx kushindwa kupata jibu la PHP-FPM. Kwa hifadhidata, ingia kwa sudo mariadb, unda hifadhidata moja yenye utf8mb4 (mfumo wa herufi unaobeba lugha zote), na mtumiaji mmoja wa localhost, yaani wa seva hiyohiyo, mwenye haki juu ya hifadhidata hiyo peke yake. Usimpe WordPress akaunti ya root ya MariaDB hata kwa majaribio.

Hatua inayofuata huonekana ndogo, nayo ndiyo yenye hatari isiyosemwa. Ukiweka mafaili ya WordPress na kuacha ukurasa wa usakinishaji ukisubiri ujazwe kwenye kivinjari, mtu yeyote anayeufikia kabla yako anaweza kuujaza. Haimlazimu kuijua nywila ya hifadhidata yako, kwa kuwa anaweza kuielekeza WordPress kwenye hifadhidata yake mwenyewe iliyo mbali, akawa msimamizi, kisha akapakia plagini yenye msimbo wake ndani ya seva yako. Utadhani hakuna anayeijua tovuti ya saa moja. Kumbe karibu kila cheti cha HTTPS kinachotolewa na mamlaka zinazoaminiwa na vivinjari huandikwa kwenye rejesta za wazi, na wapo wanaozifuatilia rejesta hizo kwa programu ili wapate majina mapya. Kwa hiyo maliza usakinishaji kwanza, ndipo uombe cheti. Njia safi ni WP-CLI, ukiwa ndani ya folda ya tovuti ambayo umeshamkabidhi www-data:

sudo -u www-data wp core download
sudo -u www-data wp config create --dbname=tovuti --dbuser=mwandishi --prompt=dbpass
sudo -u www-data wp core install --url=https://mfano.example --title="Mfano" --admin_user=jina_lako --admin_email=barua@mfano.example --skip-email

Amri ya pili huunda wp-config.php pamoja na funguo zake za siri, na ya tatu, usipotaja nywila, hutunga nywila ndefu na kukuonyesha papo hapo. Inakili mara moja. Jina la msimamizi lisiwe admin, ambalo ni la kwanza kujaribiwa na kila roboti. Lipe faili la wp-config.php ruhusa 640.

Cheti chenyewe ni kazi ya dakika chache kwa programu ya certbot na Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bure. Poti 80 lazima ibaki wazi hata baada ya HTTPS kuanza, kwa kuwa ndipo Let's Encrypt inapohakiki kwamba domeni ni yako, wakati wa kuomba na wakati wa kuhuisha. Cheti cha kawaida hudumu siku 90 na certbot hukihuisha yenyewe. Hakikisha tu kwa sudo certbot renew --dry-run. Ikishindikana, tafuta sababu kabla ya kurudia, maana maombi yanayofeli mfululizo hukufanya usimamishwe kwa muda.

Mambo madogo yaliyobaki yasikuchukulie muda mrefu. Picha kubwa zitakataliwa mpaka upandishe client_max_body_size ya Nginx, ambayo huanzia MB 1, pamoja na upload_max_filesize na post_max_size za PHP, zinazoanzia MB 2 na 8. Kosa la 413 (faili ni kubwa mno) linatoka kwa Nginx. Malalamiko ndani ya WordPress yenyewe yanatoka kwa PHP. Faili la xmlrpc.php, mlango wa programu za nje, kama hutumii programu ya simu wala plagini inayolihitaji, lizuie kwa Nginx. Kazi za ratiba za WordPress huendeshwa pale tu mtu anapotembelea tovuti, kwa hiyo makala uliyoipangia saa 12 asubuhi inaweza kutoka saa 3 kwenye tovuti isiyo na wageni. Weka DISABLE_WP_CRON kuwa true na uiache cron ya Linux (kipanga ratiba chake) iiendeshe wp-cron.php kila dakika 5.

Barua pepe ni habari nyingine. Watoa huduma wengi wa wingu hufunga poti 25 ya kutoka, na hata isipofungwa, barua itokayo kwenye IP ya seva mpya huishia kwenye taka. Usisakinishe seva ya barua. Tumia huduma ya kupeleka barua kupitia poti 587 au ile wanayoipendekeza wao, uweke rekodi za SPF na DKIM (zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako) kwenye DNS, kisha ujaribu kwa kuomba kubadilisha nywila yako mwenyewe. Ni vyema ujue leo kwamba barua hiyo haifiki kuliko kujua siku utakapokuwa umefungiwa nje.

Kuhusu nakala rudufu, vitu vya kuhifadhi ni vitatu: hifadhidata kwa mysqldump --single-transaction, folda ya wp-content, na wp-config.php. WordPress yenyewe hupakuliwa upya wakati wowote. Picha ya seva nzima inayochukuliwa na mtoa huduma ni nzuri kwa kurudi nyuma haraka kabla ya sasisho kubwa, lakini imo katika akaunti ileile. Akaunti ikifungwa au ikivamiwa, tovuti na nakala vinaondoka pamoja. Kwa hiyo nakala moja ikae kwingine kabisa, na kabla hujaiamini, irejeshe mara moja. Unda seva ya pili ya muda, rejesha vitu hivyo vitatu, kisha kwenye kompyuta yako mwenyewe ongeza mstari katika faili la hosts unaoielekeza domeni yako kwenye IP ya seva hiyo ya muda. Wasomaji wataendelea kuona tovuti halisi, wewe utaona ile iliyorejeshwa. Kivinjari kitalalamikia cheti ikiwa hukukinakili, na hilo ni sawa kwa jaribio. Fungua makala ya zamani yenye picha, ingia kama msimamizi, andika rasimu moja na uihifadhi. Vyote vikikubali, futa mstari ule kwenye hosts na uifute seva ya muda, kwa kuwa watoa huduma wengi huendelea kukutoza hata ikiwa imezimwa tu.